Mkanda wa Rajab

Mbale, Jumapili

Mdogo wangu Bakhit,

Salaam aleikum wewe, Kulusumu wako na mguu wako mmoja. Sisi hapa wazima. Mimi nimebakiza meno manne na yote yanauma. Nasikia huko Bugembe umenenepa. Mke wako anakupenda kupita kiasi.

Ameniandikia kwamba mjukuu wa Rajab ameleta posa kwa mjukuu wako Ramula, nawe umeapa damu yako haitaolewa nyumba ya mtu aliyekukata mguu. Mtoto hali chakula, siku ya tatu. Wanangoja neno langu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Ngoja kwanza.

Mjukuu wangu Hajara anafanya kazi maabara. Juzi nilimwuliza anasoma nini mpaka uji unapoa. Akasema anasoma habari za nyama iliyokosa damu. Eti damu ikikatika saa nyingi, nyama inaumia kwa njaa, lakini balaa jingine huja damu ikirudi. Chembe zilizoumia hutoa kemikali, kama barua za kuita msaada. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, huja mbio na kuharibu hata chembe zilizokuwa nzima. Nikamwambia askari wa aina hiyo tunawajua, mwaka wa sabini na tisa walipita hapa wa kila rangi. Akacheka. Mimi nikamwambia anisomee tena.

Unakumbuka mwaka ule, wewe na risasi ya paja, tumejificha ghala la pamba. Rajab, dresa aliyefunga vidonda vya kikosi chetu, alikufunga mkanda wake asubuhi, damu ikakoma, akaenda kutafuta gari. Aliamuru mtu asiuguse mpaka arudi. Alirudi alasiri akakuta mguu umevimba kama fenesi na mkojo wako mweusi kama chai ya rangi. Akasema ni mguu au wewe, akaukata. Ulipozinduka nilikwambia Rajab alikaza mno.

Nilikudanganya. Adhuhuri ulilia kwamba mguu umekufa ganzi, ukaniita mama, nikafungua mkanda. Nikachemsha maji, nikaukanda mguu kwa mafuta ya simsim, kama mama alivyotukanda tulipoteguka. Ukapata joto, ukawa mwekundu, tukacheka wote wawili. Kisha ukaanza kuvimba. Nikaogopa, nikaufunga mkanda tena. Rajab aliona mkanda umefungwa kwenye tundu jingine, akajua. Mpaka leo hajamwambia mtu.

Hajara anasema baada ya saa zile huenda mguu ungekatwa hata hivyo. Sikumwomba anitetee.

Posa nimeikubali. Ijumaa nitashuka Bugembe baada ya swala, twende wote kwa Rajab. Kama unataka kunichapa kwanza, huo mkongojo nilikuchongea mwenyewe kwa mvule; hauvunjiki mgongoni mwa mtu.

Msalimie Kulusumu. Ramula mwambie ale.

Ni mimi kaka yako,
Adrisi