Neno Lisilotamkwa Mbele ya Mkwe

Jumanne, 10 Juni 2025
Baridi ya Makambako imeingia hadi mifupani. Kikohozi kimepungua, nashukuru vile vidonge nilivyojinunulia duka la dawa. Lakini haja ndogo asubuhi — nyekundu! Si kama damu mbichi. Kama chai iliyochemka mno. Nimekunywa maji mengi. Labda ni homa inatoka.

Alhamisi, 12 Juni
Bado. Tena inatoka kidogo sana. Miguu imevimba, viatu vya kanisani vimegoma kuingia.

Mwanangu Lenard yuko kazini Liganga, simu haishiki. Nyumbani tupo mimi na mkewe, Anneth. Kwetu baba mkwe hatamki mambo ya chooni mbele ya mke wa mwanawe. Marehemu Esteria wangu angekuwapo angesema badala yangu. Nikajikaza, nikatumia fumbo: kwangu siku hizi ni chai ya rangi tu. Akasema, pole baba.

Jioni akaniletea chai ya maziwa! Kumbe aliyafuata maziwa kwa jirani. Nimeinywa. Ningefanyaje?

Ijumaa, 13 Juni
Kichefuchefu tangu alfajiri. Kisha pua ikatoka damu, haikomi, shuka zima likaharibika. Anneth alikuja kulichukua, akasimama mlangoni akitazama chini.

"Baba, ile chai uliyosema... ilikuwa ya kwenye kikombe?"

Nikamwambia hapana.

"Baba jamani! Utakufa kwa adabu!"

Hajawahi kunipandishia sauti. Amekwenda kutafuta gari la kutupeleka Njombe.

Jumamosi, 14 Juni. Wodini
Daktari amenieleza vizuri, nami naandika yasinipotee. Moyo wangu unadunda ovyo, ndiyo maana nameza warfarini, inayozuia damu isigande. Vile vidonge vya kifua vikaiongezea nguvu. Damu ikawa nyepesi kupita kiasi, ikavuja ndani ya figo, kwenye vichujio vyake, ikaziba vijifereji. Ni kama mfereji wa bustani ukijaa matope: maji yapo, hayapiti.

Nilikosea kutomwambia muuza dawa ninachotumia. Naye hakuuliza.

Sasa warfarini imesimamishwa. Hapo ndipo penye mtego: nikikaa bila hiyo, damu inaweza kuganda ikaziba ubongo. Nikiirudia mapema, figo ndiyo basi. Anasema tusubiri tuone kama zitaamka. Zisipoamka, ni mashine ya kusafisha damu.

Jumapili, 15 Juni
Nesi Cresensia ana wodi nzima peke yake. Amempa Anneth chupa yenye mistari, apime kila ninachotoa. Kikiongezeka, figo zinaamka. Nikalalamika kwamba huyu ni mkwe wangu.

"Mzee, mkojo hauna ukwe!"

Wodi ikacheka. Anneth hakucheka. Asubuhi aliifunika chupa kwa kitenge, akatoka nayo akiangalia pembeni. Mchana hakuifunika. Tumeogopa kipimo kilekile, kila mtu kwa upande wake.

Ametoka nayo tena sasa hivi. Namsikia nesi mlangoni: "Hebu isome tena." Anneth anasoma. Sauti ni ya chini, siipati.

Anakuja. Nimejiinua nikae. Nitamwuliza mwenyewe, kwa neno lake halisi, wodi yote isikie: mkojo umeongezeka?