Vidonge vya Njano Nilivyokupa, Baba

Shikamoo, Baba.

Ona sasa, nimekuamkia halafu nimekaa kusubiri uitikie. Ulikuwa unaivuta, "marahabaaa," mpaka Mama anacheka huko uani. Tangu tukuzike Ramadhani ile, hapa nyumbani hakuna wa kuitikia namna hiyo.

Alizeti ya mwaka huu imekubali. Tumevuna, tumeanika, Mama akaketi kupiga vichwa kwa fimbo, na mimi nikakumbuka mfuko wa kanzu yako. Haukukosa mbegu hata siku moja. Ukitoka msikitini unatafuna njia nzima, na nikikufulia nakuta maganda mpaka kwenye mishono. Nilikuwa nakulalamikia kwa hilo! Leo ningeyaokota moja moja.

Ila ulikuwa mbishi, Baba yangu. Wazee wenzako wenye magoti mabovu waliswali kwenye viti vya plastiki, wewe hutaki hata kusikia. "Nitasujudu kwa paji la uso, siyo kwa kiti," ulisema. Ndiyo ukawa unakuja dukani kwangu, unagonga dirisha la dawa: "Daktari wa dirishani, nipe zile za magoti." Wateja wanacheka, na mimi najisikia mtu kweli, Kondoa nzima ijue huyu ni baba yangu.

Nilijua dawa za maumivu zinachubua tumbo. Tulifundishwa. Kisha nikasoma kwenye simu kwamba vitamini E na nyingine za aina yake huukinga ukuta wa tumbo, usichubuke. Nikakuletea vile vidonge laini vya njano. Nikakwambia, "Hivi vitakulindia tumbo, Baba." Sikumuuliza mtu. Nawe uliamini kwa kuwa nimesema mimi.

Basi ukawa humezi tena kwa woga. Ramadhani ilipoingia, wakati wa daku ulimeza kwa chai ya rangi tu, chakula hutaki. Magharibi ukameza tena kwa tende moja na maji, kabla ya uji, ili tarawehe ikukute magoti yamelainika. Nilikuwa naona kwa macho yangu. Nilinyamaza, nikijua kinga unayo.

Kumi la mwisho la mfungo ulitapika damu. Tulikuwa tunakukimbiza Dodoma, tumeshaipita Chemba, mkono wako ukalegea ndani ya wangu.

Baadaye nilimuuliza mfamasia. Akaniambia kwa upole kwamba hizo vitamini wamezijaribu zaidi kwa panya, na kwa binadamu bado hakuna uhakika wa mtu kuutegemea. Mzee anayemeza dawa za maumivu kila siku huonwa kwanza na daktari, akapewa dawa ya tumbo iliyothibitishwa. Nilirudi nyumbani, sikumwambia Mama. Nilishindwa, Baba. Miezi yote hiyo nilikuwa naitikia tu watu wakisema ni mipango ya Mungu.

Wiki iliyopita nikamkuta Mama na kopo lako. Mgongo unamsumbua, kwa hiyo anameza zile zile zako, asubuhi, hajatia kitu mdomoni, na kidonge cha njano juu yake. "Si ulisema vinalinda tumbo?" Ya Allah, nilikaa chini sakafuni. Nikaona kabisa naenda kumzika na yeye kwa mdomo wangu huu. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba nilikupa wewe maneno ambayo mwenyewe sikuwa na hakika nayo.

Mama hakulia. Alilifunika kopo, akasema: "Baba yako aliona choo cheusi tangu Shaabani. Alinikataza nisikwambie. Alisema utamzuia kufunga."

Baba! Tumbo lilikuwa linavuja damu tangu Shaabani, kabla hata ya mfungo? Na kila siku unanigongea dirisha, unanitania, unaondoka?

Nilikukasirikia siku mbili nzima. Nilipita njia ya makaburini sikukutolea salamu. Siku ya tatu nikasimama pale nikalia, nikacheka, nikalia tena. Ni kweli, ningekuzuia. Ningekaa mlangoni nikakuvua na kanzu. Sisi wawili tulihurumiana mpaka tukafichana.

Mama nimempeleka hospitali. Dawa za maumivu wamemsimamishia, ya tumbo anatumia, mgongo tunamchua kwa mafuta huku akininunia. Mbishi kama wewe. Dukani nako, mzee akija kuulizia za magoti, kwanza ananijibu ameshakula nini, na tumbo likoje, na ameonana na daktari lini. Wengine wananiona nina kiherehere. Waniite hivyo hivyo.

Pumzika, Baba yangu. Mungu akupanulie hapo ulipolala. Unisamehe, mimi nimeshakusamehe. Nakuahidi moja tu. Wewe nilikuuliza magoti, tumbo sikukuuliza. Mama namuuliza mpaka choo, kila asubuhi, na kila asubuhi ananifukuza kwa kanga. Sitaacha kumuuliza.

Binti yako,
Zaina