Kijiwe Chini ya Freni

Mujukuu wangu Furaha,

Jambo, mama. Huku Murara tuko wazima. Mudogo wako ameng'oka meno ya mbele na bado anacheka. Umeuliza kama nilifahamu yale uliyonieleza kwa simu, namna virusi vinavyoleta kansa ya mulango wa kizazi. Nimefahamu! Jana nilikuwa nachambua maharagwe, nikakumbuka chukudu ya papa, nikaruka!

Vita vilipotutoa Masisi, papa yangu alipakia magodoro na maharagwe juu ya chukudu yetu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Freni yake ilikuwa kipande cha tairi, unakikanyaga kinabana gurudumu la nyuma. Kwenye muteremuko wa Sake ikatoroka. Papa akakanyaga, bure! Ikaishia shambani, maharagwe yakatawanyika. Mama akafoka: «Nani amesukuma?» Hakuna mutu aliyesukuma. Kijiwe kilikuwa kimekwama chini ya freni.

Si ndivyo ulivyosema? Seli ina freni ya kuizuia isijigawe ovyo. Virusi vile vinaingia, vinakwamisha freni, basi seli inajigawa tu, inajigawa, hata ikiwa na makosa ndani. Kitu kidogo namna ile, mama!

Toka siku ile papa hakushuka mulima bila kuinama kwanza pale juu, atazame freni. Watu walimucheka.

Leo asubuhi nimeenda kupimwa kansa ile. Muuguzi ameuliza: «Koko, unaumwa wapi?»

«Siumwi,» nikamuambia. «Bado niko juu ya mulima.»

Koko wako anayekukumbatia