Kishingo Akifika Mlangoni

Kuku wako amekuwa filamu, Mwanasha! Kishingo, yule yule uliyemchora kwenye simu akivuka barabara, sasa ni filamu nzima ya katuni, na jina lako limeandikwa mbele kabisa, kabla ya wakubwa wote.

Hata salamu sijakupa. Assalaam alaykum, mwanangu mpendwa, Mola akupe raha huko uliko. Nakuandikia kwa mkono wangu, mimi niliyeishia darasa la tano. Ukiona herufi zimelowa, si mvua.

Unamkumbuka Kishingo mwenyewe? Kuku wangu asiye na manyoya shingoni, akiwavusha vifaranga wake lami ya hapa Bongwe kana kwamba ameijenga yeye. Tuktuk zafunga breki, madereva watukana, yeye wala hana haraka. Nawe umekaa barazani, umetoka kazini Diani, kwenye kufua mashuka ya hoteli, hata viatu hujavua, wacheka na wachora.

"Mwanamke mzima wachora kuku!" nikakwambia. "Ondoka hapo ukakune nazi."

"Mama, huyu kuku atakupa jina."

Nikakusonya. Msonyo ule leo wanirudia mwenyewe.

Mlipomaliza kuuunda mchezo wa simu wa Kishingo, wewe na mwenzio Rukia, ulinitia simu mkononi nikajaribu. Nikawagongesha vifaranga wote kwa tuktuk moja. "Mama, umemaliza ukoo!" ukacheka mpaka ukashika ubavu. Ukanivushia wewe. Kishingo alipofika kwao salama, nikasikia sauti yako yatoka kwenye simu: "Mama, nimefika!" Vile vile ulivyopiga ukelele mlangoni kila siku ukitoka kazini.

Kisha ikaja homa, siku nne tu, ukatutoka.

Mchezo wako haukututoka, mwanangu. Watoto wa Ukunda waliucheza, wakawaambukiza wa Msambweni. Rukia akatoa kitabu cha picha, walimu wakakisoma darasani. Zikaja nyimbo. Kina mama wa hapa Bongwe wakamshona Kishingo kwa vitambaa, wageni wa Diani wakambeba hadi kwao. Halafu leso! Pindo jekundu, Kishingo katikati, na maneno yake ni yako: MAMA, NIMEFIKA. Nilijifunga mimi kabla ya mwanamke yeyote, nikapita nayo sokoni kwenda na kurudi, wala sikuwa na cha kununua. Waniita Mama Kishingo. Naitikia, tena kwa sauti.

Watu wa filamu walipokuja, Rukia akaniuliza, "Mama, ile simu ya Mwanasha iko wapi? Alijirekodi humo akimsemea Kishingo hadithi nzima. Wataka sauti yake yeye."

Nikaketi chini. Simu niliitoa sadaka. Baada ya arobaini nilitoa vitu vyako vyote kama ilivyo desturi yetu, baibui, viatu, mkoba, nisibakize hata kimoja, thawabu zikufikie. Simu nilimpa shangazi yako Mejumaa, Lunga Lunga. Nilimfuata huko siku hiyo hiyo.

"Wifi, nilifuta kila kitu," akaniambia. "Ilikuwa imejaa, hata picha haipigi." Akaanza kulia kabla yangu. Nimlaumu vipi? Mkono uliotoa ni wangu. Niliitoa sauti yako mimi mwenyewe, mwanangu, na nilipoitoa nilisema alhamdulillahi.

Basi wakatafuta msichana mwingine. Ana sauti nzuri, sitamnyima haki yake. Wakaniletea karatasi nitie sahihi, nikaiweka kalamu chini.

"Aseme yote," nikawaambia. "Lakini Kishingo akifika mlangoni, asiseme yeye. Hapo tieni sauti ya mwanangu, ile iliyo kwenye mchezo."

Mkubwa wao akajibu kwa adabu, "Mama, ile sauti ni hafifu, na nyuma yake kuna kelele, kama kitu chakwaruzwa. Watu watasikia tofauti."

"Wasikie. Kelele hiyo ni mimi. Nilikuwa nakuna nazi."

Rukia akageukia ukuta. Yule bwana akasema, "Haya, mama." Ndipo nikatia sahihi.

Sasa mimi ni hodari wa mchezo wako, sigongeshi kifaranga hata mmoja. Kila alasiri, saa yako ya kurudi, nakaa pale barazani ulipokuwa ukikaa, namvusha Kishingo polepole kwenye simu yangu. Unaposema umefika, naitikia, "Karibu, mwanangu." Majirani husikia. Mara nyingine nageuka kabisa nitazame mlango, kisha naona haya, nafunika uso kwa leso.

Nakuaga hapa, kipenzi changu, karatasi imekwisha na macho nayo. Ijumaa twakusomea hitma hapa nyumbani. Kesho yake filamu itaonyeshwa ukumbini shuleni, nimealika Bongwe nzima na nusu ya Msambweni, na Mejumaa aja na watu wake wote. Mkeka wa mbele ni wangu, ubavuni mwangu hapakai mtu. Nimewaambia kila mmoja, nawe nakwambia: Jumamosi, baada ya Adhuhuri.

Mama yako aliyekuzaa,
Mama Kishingo