Namna ya Kumwita Mtu Aliye Kwenye Mashine

Shamba la mkonge, Tanga
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Projestus,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta una nguvu, na kwamba wifi na watoto wanaamka salama hapo Rugera. Zaidi ya wote namuulizia Mama. Kidonda kimefunga? Anakula? Asibebe maji hata akisema amepona, wewe unamjua. Mimi ni mzima. Mafua ya mwezi uliopita yameisha, na sabuni siku hizi tunaipata dukani bila kupanga foleni.

Waitu, kaka mpendwa, kwanza nikushukuru kwa telegramu. Najua uliendesha baiskeli mpaka Omurushaka na mvua ile, ukampa kondakta wa basi la Bukoba karatasi aifikishe posta. Uliandika: "Mama amepasuliwa tumbo. Yu salama. Usije. Barua inafuata." Niliisoma nimesimama mlangoni kwa karani, na kabla moyo haujaanza kwenda mbio nilikuwa nimeshajua yote niliyopaswa kujua. Nikarudi kazini. Nilipofika nyumbani nililia, lakini nilikuwa nashukuru.

Ngoja nikueleze jinsi maneno yako yalivyofanya kazi huku.

Unajua mimi napokea simu za ofisi ya shamba. Simu ikiingia nachomeka waya, nampa meneja, au karani mkuu, au stoo. Kiwandani hakuna simu. Huko kuna korona, mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu, na kelele yake ni kubwa kiasi kwamba humsikii hata aliye ubavuni mwako. Wanaume husimama wakiilisha majani kwa mikono. Kabla sijaajiriwa, mtu mmoja alipigiwa ukelele wa msiba kutoka nyuma. Akageuka, na mkono ukafuata majani. Tangu hapo ikawekwa amri: ujumbe wowote wa mtu wa korona ukae kwenye sanduku la karani mkuu mpaka king'ora cha saa nane mchana.

Sasa Jumanne moja, saa nne asubuhi, alipiga muuguzi kutoka hospitali ya mjini. Alikuwa anamtafuta Salehe, mmoja wa walisha majani. Mkewe alikuwa ameshindwa kujifungua na daktari alitaka kumpasua. Ilihitajika damu, na hapakuwa na ndugu wa kuweka sahihi. Nilimuuliza wanaweza kungoja mpaka saa ngapi. Akasema ikipita adhuhuri haahidi kitu.

Nilikwenda kwa karani mkuu. Si mtu mbaya, kaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ujumbe uingie sandukuni kama ujumbe mwingine, akanikumbusha ule mkono. Nikarudi kitini. Nikapokea simu mbili nyingine, na hata leo sikumbuki zilikuwa za nani. Halafu nikamwomba mama anayefagia ofisi akae pale, awaambie wanaopiga wasubiri kidogo, nikatoka.

Kwanza nilimkimbilia dereva wa lori la marobota ya mkonge aliyekuwa anaondoka kwenda mjini, nikamsihi asitoke getini bila Salehe. Ndipo nikaenda kiwandani. Sikumsogelea Salehe. Nilizunguka mbali, nyuma ya marundo ya majani, asinione akashtuka, mpaka kwa mnyapara wao, Mzee Bakari. Nikamwambia sikioni. Hakungoja nimalize. Alimtuma mtu wa akiba akasimame karibu na Salehe, wakalisha pamoja kidogo, kisha yeye mwenyewe akasimama mbele, mahali Salehe anapomwona vizuri, akamfanyia ishara ya kunywa maji. Salehe akaachia, akatoka akifuta mikono kwenye suruali, anadhani amepewa mapumziko.

Tulipofika nje nilimsimamisha. Nilikuwa nimefikiria jinsi ya kumtoa pale, sikuwa nimefikiria nitasema nini. Ndipo nikakumbuka ulivyoniandikia.

"Salehe, mkeo yu hai," nikamwambia. "Hajajifungua, daktari anataka kumpasua. Wanakutaka ukaweke sahihi na utoe damu. Lori linakungoja getini."

Aliniuliza neno moja tu: "Lori lipi?"

Nikamwonyesha, akakimbia.

Mpaka jioni sikujua lolote. Nilikaa nikipokea simu huku masikio yangu yote yapo mjini. Saa kumi na moja yule muuguzi alipiga tena, safari hii akinitafuta mimi. Mke wa Salehe amepona, mtoto wa kike amelia. Alisema Salehe alifika wakati wanamwandaa mgonjwa.

Kesho yake meneja aliniita. Kumbe nilipokuwa nje ilikuja simu ya Dar es Salaam ikakatika. Niliingia nikiwa nimeshajipanga jinsi ya kukueleza kwamba nimefukuzwa. Karani mkuu alikuwapo, akasema ukweli wake, kwamba alinikataza. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini ningekuwa mimi ndiye Salehe, ningetaka aje."

Meneja hakunifukuza. Alinipa karatasi, akasema niandike habari zifikishweje kiwandani bila mtu kuumia. Kaka, mimi niliyeishia darasa la saba! Niliandika kama tulivyofanya: aambiwe mnyapara kwanza, mtu apate wa kumpokea, atolewe nje, aanze kuambiwa nani yuko hai, kisha anatakiwa afanye nini.

Usidhani mambo yalinyooka. Ndani ya wiki mbili kila ujumbe ukawa wa dharura. Nilimwita Mzee Bakari kwa ajili ya mkwe aliyefika kituo cha basi, na kwa ajili ya mbuzi aliyezaa. Ikawa nikija hata kichwa hainui. Hapo niliogopa sana, maana siku ya jambo zito angenidharau vilevile. Sasa nauliza kila anayepiga: akiambiwa saa nane kutaharibika nini? Mengi yanangoja vizuri tu. Mwezi huu wote nimekwenda kiwandani mara moja, na Mzee Bakari aliinuka kabla sijamfikia.

Kaka, kuna jambo nimelificha siku nyingi. Kifo cha Baba nilikisikia redioni, kwenye matangazo ya vifo, nikiwa kwenye foleni ya chakula na sahani mkononi, mbele ya watu. Nilikukasirikia. Ndiyo maana mwaka ule niliandika barua mbili tu, tena fupi. Shangazi aliponieleza juzi kwa barua kwamba ulishinda posta siku mbili na waya za simu zilikuwa zimekatika, ukaona heri redioni kuliko nisijue kabisa, nilikosa pa kuuficha uso wangu. Hukuwahi kujitetea hata kwa neno moja. Nisamehe, kaka. Na asante kwa siku zile mbili.

Nisalimie Mama, umshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu. Msalimie wifi ninayejua ndiye aliyemwogesha Mama wiki zote hizi. Msalimie Shangazi wa Kamuli, na mumewe anayenitunzia mche wangu wa kahawa. Katekista wetu mwambie namshukuru kwa kumsomea Mama barua zangu. Hii amsomee yote, hata hapo pa Baba.

Mungu awakumbatie nyote.

Mdogo wako,
Adelina