Karatasi Anazosoma Nasreen

Winnipeg, Kanada
12 Novemba 2024

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo, dada. Mguu vipi? Na presha? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila roho imetangulia Timbwani, imeniacha huku na viatu vizito.

Utashangaa nakuandikia badala ya kukupigia. Nyumba ya mwanangu Nadira ni vyumba viwili, na kuta zake nyembamba. Nikisema jikoni "nimechoka", yeye kitandani anajibu "pole, Mama". Kwa hivyo naandika kwenye daftari, napiga picha, natuma kwa simu ya jirani yetu Kadzo. Mpe ahsante zangu, na umwambie asisome sana.

Arobaini ya Nadira ilitimia Alhamisi. Nimemkanda, nimemnywesha uji wa pilipili manga, nimemfukiza ubani mpaka kengele ya moshi iliyoko darini ikalia na jengo zima likasikia. Mkwe wangu Hassan akapanda kiti akaitoa betri. Mtoto tumempa jina la marehemu mume wangu, Mbwana, na shingo ni ileile. Basi kazi iliyonileta imekwisha. Nikasema, "Mwanangu, sasa tiketi." Akasema, "Subiri kidogo, Mama. Hassan yuko barabarani na lori siku tano kwa wiki. Nitabaki na nani?"

Tuko ghorofa ya saba. Madirisha yamezibwa kwa plastiki kuzuia upepo. Mlango wa chini ukitoka unajifunga wenyewe, na asiye na ufunguo atajua mwenyewe.

Furaha yangu ni mjukuu wangu mkubwa, Nasreen. Ametimiza miaka minane. Kila Ijumaa shule inawapa wazazi karatasi ya habari za baridi, naye hunitafsiria. Wiki hii wanasema kila glavu iandikwe jina la mtoto. Mtoto asilambe chuma, ulimi utagandia. Na basi halimshushi mtoto mdogo kama hakuna mtu mzima anayemngoja kituoni. Mtu mzima huyo ndiye mimi, ndani ya koti la Hassan.

Nimemfundisha kuitika. Zamani nikimwita alisema "nini?" Sasa anasema "abee". Jana akaniuliza, "Na wewe, Bibi, unamwitikia nani abee?" Nikamwambia, wakubwa zangu, na aliyebaki ni mmoja, yuko Likoni.

Nataka kufunga Ramadhani kwangu, dada. Niombee hilo tu.

Nduguyo mdogo,
Riziki

—

Timbwani, Likoni
20 Novemba 2024

Riziki mdogo wangu,

Marahaba. Mguu uko palepale, na presha inakwenda na kurudi kama feri. Kadzo anakusalimu. Anasema hasomi barua zako, lakini alianza kucheka kabla sijafika mahali pa kuchekesha.

Hilo la ulimi na chuma limenishinda. Nani huyo alilamba chuma mpaka ikabidi shule iandike? Hapa karatasi za shule ni za mtihani na sare tu. Jua letu halina haja ya karatasi, linakufundisha lenyewe ukitoka kwenda mtaa wa Shika Adabu saa saba ya mchana.

Chumba chako nakifungua madirisha kila asubuhi. Kitanda nimekitandika shuka ya maua. Kusema kweli, nyumba imekuwa kubwa. Nikipika wali nasahau, napika wa watu wawili, na Kadzo ndiye anayenona.

Sasa nisikilize. "Subiri kidogo" haina mwisho mpaka uitie mwisho. Mficha uchi hazai. Mwambie mwanao kwa kinywa chako kwamba unataka kwenda kwako, na utaje siku. Ulikwenda kwa arobaini, hukuolewa huko.

Dadako,
Mwanakombo

—

Winnipeg
16 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Habari za afya, na za Kadzo na wanawe? Sisi tunashukuru.

Nilimwambia. Nikataja siku na kila kitu. Nadira hakubisha, alilia tu, mtoto akiwa kifuani, mpaka nikajiona mimi ndiye mkosa. Tangu azae hana raha. Mchana kutwa kajifunika, mgongo unamuuma, hataki kuona mtu. Amesema mwisho wa Februari, inshallah. Nitamwachaje katika hali hii? Na nitakaaje?

Pasipoti yangu iko kwenye mkoba wa Hassan pamoja na vyeti vyao. Hakunificha, ndipo wanapoweka kila kitu. Lakini mkoba unafunguliwa kwa nambari za siri, na kumwuliza mkwe wangu nambari za mkoba wake naona haya. Basi naupita kila siku pale juu ya kabati, tunatazamana.

Nje natoka mara moja kwa siku kumpokea Nasreen. Juzi kope ziligandiana, nikasimama kama kipofu, naye akanishika mkono hadi mlangoni. Ndani baridi inapenya chumba cha Nadira kuliko kwingine, kile chuma cha joto cha ukutani hakifui dafu.

Karatasi ya wiki hii ilikuwa ndefu, ya mambo ya dhoruba. Umeme ukikatika watu wajifunike blanketi na wakae chumba kimoja, au waende kwa jirani, na wasiwashe makaa ndani ya nyumba kabisa, yana hewa ya sumu. Hapo nikacheka. Watu wasiojua hata kupuliza jiko wanatufundisha makaa! Makaa yenyewe huku ni gunia moja la Hassan lililoko roshani, la kuchomea nyama wakati wa joto, sasa limelala chini ya theluji. Nasreen hakupenda nilivyocheka. Akaibandika karatasi yake kwenye friji, akaipiga ngumi ishike.

Mama yetu angekuwapo angefanyaje na mgongo huu wa Nadira?

Nduguyo,
Riziki

—

Timbwani
3 Januari 2025

Riziki,

Marahaba, na poleni. Hapa wazima, joto tu.

Unauliza Mama angefanyaje, nawe ulilelewa mikononi mwake? Umesahau ile masika ulipougua kifua? Mama aliyawasha makaa, akangoja yawe mekundu, akayatia kwenye chetezo na ubani kidogo, akakisukuma chini ya kitanda chako na kufunga mlango ili joto lisitoroke. Siku ya tatu ulikuwa unaruka kamba. Na sisi sote tuliozaa tumefukizwa hivyo, na hakuna aliyekufa.

Chetezo unacho, makaa yako roshani. Wewe unamwacha mwanao anatetemeka kwa sababu ya karatasi? Mtie joto mgongoni, atainuka. Akiinuka utakuja. Mimi nahesabu kwa Rajabu na Shaabani, sihesabu kwa Februari.

Dadako,
Mwanakombo

—

Timbwani
29 Januari 2025

Riziki, mdogo wangu,

Hujambo? Nakuuliza kweli, siulizi kwa desturi.

Siku ishirini na sita sijapata neno lako. Kadzo ananionyesha alama mbili za buluu, anasema maana yake umesoma. Nimempigia Nadira mara nne, simu inalia mpaka inakatika. Hassan akapokea mara moja akasema, "Mama mkubwa, tutakupigia," sauti yake si yake.

Kama nimekuudhi kwa maneno yangu, nisamehe, unanijua mdomo wangu. Kama ni jambo jingine, liandike hata kwa mstari mmoja. Nimekaa kibarazani na simu ya watu mkononi, na mwenyewe anaihitaji.

Dadako

—

Winnipeg
8 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Wote wako hai. Naanza na hilo ili uketi kabla ya kusoma mengine.

Tarehe kumi na nane mwezi uliopita ilikuja dhoruba. Saa nane ya mchana umeme ukakatika. Hassan yuko safarini. Chumba cha Nadira kikawa baridi hata pumzi zetu zikaonekana, na mtoto akawa analia bila kunyamaza. Nikafanya kama ulivyoandika. Nikayawasha makaa roshani, yakawa mekundu, nikayatia kwenye chetezo na ubani wa nyumbani, nikakiweka chini ya kitanda, nikafunga mlango na kuziba kwa kanga ule upenyo wa chini. Mtoto akanyamaza. Nadira akasema, "Mama, najihisi niko Likoni." Dada, nilifurahi kwa mara ya kwanza tangu nije.

Baadaye kichwa kikaanza kunigonga. Nikatoka kunywa maji. Nasreen akanifuata jikoni akasema, "Bibi, kuna makaa chumbani. Karatasi imekataza." Nikamwambia sisi tumelelewa hivyo. Akasema tena. Nikamwambia, "Mtoto hamfundishi bibi yake. Nenda ukae." Akaitika "abee", kwa adabu ileile niliyomfundisha, akaenda. Nikarudi chumbani, nikafunga mlango nyuma yangu.

Hakukaa. Alichukua simu ya mamake akapiga nambari walizofundishwa shuleni. Nilisikia wazimamoto wakiuvunja mlango wa chumba, nami sikuweza kuinuka. Nadira alikuwa hajitambui. Mbwana alikuwa mlegevu mikononi mwao kama nguo iliyoloa. Ile kengele ya darini haikulia, kwa kuwa betri ilitolewa kwa ajili ya ubani wangu.

Walilazwa siku sita, mimi siku mbili. Daktari anasema mtoto atakuwa sawa, watamwangalia. Alhamdulillahi.

Hakuna aliyenigombeza. Nadira alisema tu, "Hukujua, Mama." Lakini nilijua, dada. Nilisomewa, nikacheka. Tangu siku hiyo sijaachiwa mtoto peke yangu hata kwa dakika. Hassan amechukua likizo. Juzi, kwa upole kabisa, aliniambia amekata tiketi yangu, tarehe ishirini na nne, niwahi Ramadhani kwangu kama nilivyotaka. Nilililia mlango huu miezi mitatu. Sasa umefunguliwa, na kuupita siwezi.

Maana kuna Nasreen. Alisikia habari ya tiketi. Anaamini nafukuzwa kwa sababu yeye alipiga simu. Karatasi za Ijumaa anampa babake. Nikimwita haitiki, anainamisha kichwa.

Riziki

—

Timbwani
13 Februari 2025

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu. Kadzo alitoka nje, akaniacha peke yangu.

Halafu nikaingia kile chumba cha Mama, unakolala wewe sasa, nikaketi kitandani nikatazama juu. Mabati tumeyaezeka juzijuzi, baada ya Mama kufa. Wakati wetu ilikuwa makuti, Riziki. Na kuta hazikufika juu, paka alikuwa anapita kutoka chumba hiki kwenda kile. Mama alifunga mlango, lakini nyumba nzima ilikuwa wazi. Nilikumbuka makaa, nikakumbuka chetezo, nikakumbuka mpaka ile kamba uliyoruka. Paa nililisahau.

Mimi ndiye niliyekuandikia. Mwambie Nadira, mwambie na Hassan, kwamba maneno yalitoka kwangu, nami nilikuwa nimekaa kwenye jua. Nilitaka Nadira apone, kweli, lakini nilitaka apone haraka ili urudi unipunguzie wali sufuriani. Huo ndio ukweli wangu, na naona aibu nao.

Ama Nasreen, sina la kukufundisha. Nimeshafundisha vya kutosha. Fanya utakalo, nami nitaliridhia, hata likiwa ni la kunichelewesha.

Dadako,
Mwanakombo

—

Winnipeg
28 Februari 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai mwezi wa kheri unakukuta na nguvu za kufunga. Usiache dawa zako.

Siku tatu kabla ya safari nilimwambia Hassan naomba pasipoti yangu. Sijui haya zilikwenda wapi. Akanitazama, akachukua kalamu, akaniandikia nambari za mkoba kwenye kipande cha karatasi. Nikafungua mwenyewe. Nimeishika pasipoti mkononi, dada, kijitabu chepesi namna ile. Kisha nikamwomba aisogeze tiketi mpaka baada ya Idi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nina deni la adabu humu ndani. Akasema sawa, lakini betri ya kengele hatoi tena hata kwa udi wa Makka. Nikasema, na chetezo nimekitupa.

Barua yako nilimsomea Nadira. Alilia, lakini safari hii alilia ameketi. Anasema upunguze wali mwenyewe.

Leo Ijumaa Nasreen amerudi na karatasi. Nilikwenda kumpokea kituoni, babake akiwa nyuma yetu hatua kumi. Tulipofika jikoni nikaivua ile ya Desemba kutoka kwenye friji, nikampa, nikamwambia, "Nisomee ule mstari wa makaa. Siku ile niliucheka, sikuusikia." Akaisoma kwa sauti ndogo. Nikamwambia, "Siku ya dhoruba wewe ndiye ulikuwa mtu mzima humu ndani. Mimi sifukuzwi, na tiketi nimeisogeza mwenyewe." Akauliza, "Hujakasirika?" Nikasema nimekasirika, lakini si na yeye.

Mimi nikageukia sufuria, maana sikutaka anione uso. Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Bibi."

Nikamwitikia, "Abee."

Alicheka kwanza, akidhani nimekosea. Nikamwambia sikukosea. Akaja akakaa karibu, akanisomea karatasi ya leo yote, hata mahali pa simu za ofisi.

Kwa hivyo, dada, mwaka huu futari yangu mpe Kadzo. Na lile jibu nililompa Nasreen mwezi wa kumi na moja, kwamba aliyebaki wa kumwitikia abee ni wewe peke yako, limebadilika. Sasa mko wawili.

Nduguyo mdogo,
Riziki