Mjomba, Nilimwanika Bibi Somoe

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwa mama, hapa Masasi, kibarazani, asubuhi. Barua hii nimeianza mara nne. Naandika mistari miwili, nainuka, nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, narudi. Mama kanitazama akasema, "Zainabu, keti au toka, unanitia kizunguzungu." Basi nimeketi.

Dada yako hajambo, ila goti linamsumbua. Studio yako ya picha pale Newala sasa ni saluni, kuta wamezipaka rangi ya waridi. Lile pazia lako lenye maporomoko ya maji nimelichukua mimi. Siku ya arobaini yako walikuja watu hata nisiowajua, na kila mmoja alikuwa na lake: mimi alinipiga siku ya harusi yangu, mimi alinipiga nilipomaliza darasa la saba. Nilikuwa nagawa chai na kuinamisha kichwa. Hawakujua kwamba mimi na wewe tuliachana vibaya.

Wewe unajua. Nilikuja likizo kutoka chuoni Dar es Salaam, nimejaa hadi kooni. Mwalimu wetu wa picha, Mwalimu Neema, alikuwa kila wiki anatundika ukutani kazi za wapiga picha wa leo, watu walio hai, wa Afrika hii hii. Yuko dada mmoja anayepiga watu migongo tu. Yuko kijana anayewasimamisha wachuuzi mbele ya kitenge kilekile walichovaa, mpaka mtu na kitambaa vinachanganyika. Na yuko mama mmoja, huyo ndiye aliyeniteka, anayepiga wazee kwa karibu sana, mlangoni, nusu ya uso kwenye mwanga na nusu gizani. Nilipoiona picha yake ya kwanza nilisahau kufunga mdomo. Mimi nilijua picha ni kumkalisha mtu na kumwambia anyooshe shingo. Kumbe yaweza kukushika mkono, ukashindwa kuondoka.

Nikakuonyesha kwenye simu. Ulivaa miwani, ukaitazama ile ya mgongo kwa muda mrefu, ukaniuliza, "Huyu kakosa nini hata akageuzwa?"

Nilicheka, kisha nikakasirika. Nikakwambia picha zako zote ni moja: mikono magotini, maua ya plastiki, watu kama wanasubiri hukumu. Uliendelea kufuta lenzi. Kesho yake nikarudi chuoni. Baada ya wiki tatu nikaja kukuzika.

Tangu hapo sijatulia, Mjomba. Mwezi mmoja nilipiga migongo. Uliofuata, vitenge. Mwalimu Neema anaangalia kazi yangu, anasema, "Hii namjua mwenyewe. Ya Zainabu iko wapi?" Nikawa natembea na kamera shingoni kama mtu aliyepoteza ufunguo, kila mlango nausukuma.

Ndipo tukapewa kazi ya maonyesho ya chuo: picha moja tu, ya mtu wa kwenu. Nikapanda kijijini Makote kwa Bibi Somoe, yule bibi wa Kimakonde mwenye chale usoni, zile ambazo siku hizi huzioni ila kwa wazee wachache. Ilikuwa kiangazi, bomba halijatoa maji siku ya tano. Nilimkuta amekaa mlangoni mwa jiko, kichwa wazi, ndoo tupu miguuni. Mwanga ulikuwa unamkata uso katikati, sawasawa na kwa yule mama mpiga picha. Nikamwamkia, nikamwambia naomba picha, akakubali. Nikapiga kabla hajapata kitambaa cha kujifunika kichwa. Nilimwona akikipapasa, Mjomba. Nilimwona, nikapiga hivyohivyo.

Ikawa ya kwanza kwenye maonyesho. Mwalimu Neema alisimama mbele yake, akaondoka, akairudia, na mimi nikahisi nimefika. Nikachaguliwa niende nayo kwenye maonyesho mengine, makubwa. Watu wakaipiga kwa simu zao, wakatumiana, na picha ikasafiri mpaka ikapanda Makote. Akanipigia Mama Salima, binti yake Bibi. Hakuniita jina.

"Umemwanika mama yangu," alisema. "Kichwa wazi, ndoo tupu, kama mtu asiyezaa. Watu wanaandika chini yake, maskini, maskini. Nani maskini?"

Akakata.

Ungekuwepo ningekukimbilia wewe. Hukuwepo, na kwingine kwa kukimbilia sikukujua. Nikatoka Dar nikaja Masasi, nikapanda Newala, nikachukua bodaboda hadi Makote, njia nzima napanga maneno. Yote yaliniishia uwanjani. Niliwakuta wanachambua korosho. Mama Salima alipokea salamu akiangalia pembeni. Bibi Somoe akasema, "Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Kimakonde changu unakijua, ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo niliomba radhi kwa Kiswahili, nikalia katikati, nikamalizia. Bibi alisubiri nimalize kupangusa makamasi, akamtuma binti yake ndani. Mama Salima akatoka na picha uliyopiga wewe. Bibi bado kijana, ameketi, mumewe kasimama nyuma, mikono magotini, maua ya plastiki. Kama zote.

"Tazama miguu," Bibi akasema.

Alikuwa ameisogeza mbele kidogo, sambamba, ndani ya viatu vyeupe.

"Mjomba wako aliniuliza, unataka watu waone nini? Nikamwambia, waone nina viatu. Akarudi nyuma na kamera yake, akarudi tena, mpaka viatu vikaingia."

Miaka yote niliyokushikia taa nilikuona ukiwanong'oneza watu kabla hujapiga. Nilidhani unawatoa wasiwasi tu. Sikuwahi kukuuliza unawaambia nini.

Nikamuuliza Bibi na mimi swali lako hilohilo. Akasema uso wake hana neno nao, waliomchanja walikuwa mafundi. Kilichomuuma ni ndoo.

"Nachota maji tangu sijaota maziwa," alisema. "Tulikuwa tunashuka bondeni, tunapanda nayo mlima wote ule. Sijarudi nyumbani na ndoo tupu hata siku moja. Wewe umenionyesha na tupu."

Alitaka apigwe na ndoo iliyojaa, kichwani, anatembea.

"Mama, utaanguka!" Mama Salima akapiga kelele.

"Aanguke nani? Wewe ndiye unayetembea na simu usoni."

Na jambo jingine: maji yenyewe hayakuwepo, bomba lilikuwa limekauka tena.

Tukasubiri. Siku mbili, Mjomba, na wewe unanijua mimi na kusubiri. Nilizunguka nyumba. Niliokota korosho mpaka vidole vikanuka mabibo. Kila saa nilikwenda kulitazama bomba kama mtu anayemtazama mgonjwa. Siku ya kwanza Mama Salima alinisogezea sahani akaenda zake. Siku ya pili alinicheka.

Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, ikasikika kelele kule bombani. Bibi Somoe alibadili kanga, akafunga kilemba, akakinga ndoo hadi ikajaa pomoni, akajitwika. Akaniambia nitangulie. Nikawa natembea kinyumenyume, napiga, nikakwaa kisiki, nikaanguka chali. Akacheka. Ndoo ikacheza, maji yakamshuka usoni juu ya zile chale, na mimi nikabonyeza hapohapo chini nilipolala.

Imepinda. Mguu wangu mmoja umeingia kwenye kona. Lakini ndoo imejaa, na inaonekana imejaa, na Bibi anacheka meno yote aliyobakiwa nayo.

Niliomba chuo waishushe ile ya kwanza. Wameishusha, na nafasi yangu kwenye maonyesho makubwa kapewa mwenzangu. Mwalimu Neema kaitazama hii mpya, kasema, "Ile ilikuwa na nguvu zaidi." Labda ni kweli. Hapo ndipo panaponiinua kitini kila mara: bado naipenda ile ya kwanza. Nampenda bado yule mama mpiga picha wa nusu giza, na siku hizi nawaza kwamba huenda na yeye hukaa na wazee wake siku nzima kabla hajagusa kamera. Mimi nilichukua mwanga wake, mazungumzo yake nikayaacha.

Juzi nilimpelekea Bibi ya kwake, nimeisafisha kubwa. Ameitundika sebuleni. Kwenye simu za watu ile nyingine bado inazunguka, sina la kuifanya.

Wapo wengine kule kijiji cha Chiwata niliowapiga mwaka huu kwa kuvizia. Jumamosi naanza kuwarudia, nyumba kwa nyumba. Wengine watanifukuza, na wana haki.

Na yupo mmoja ambaye siwezi kumrudia.

Asubuhi ile niliyoondoka, nilipita studio na begi langu. Ulikuwa umelala kwenye kiti cha wateja, mdomo wazi, miwani imeteleza hadi puani, mzee kabisa. Sikuwahi kukuona mzee. Nilikupiga moja. Nikaenda zangu stendi. Ningekuamsha tungeagana, Mjomba, lakini nilikuwa bado na hasira, na picha nilikuwa nimeshaipata.

Siwezi kuifuta. Nimejaribu. Ndiyo picha yako ya mwisho. Ila nakuahidi hakuna jicho jingine litakaloiona, hata la mama. Itakaa kwangu mpaka na mimi nizikwe.

Mungu akuondolee mazito. Endelea kulala, sikuamshi. Kwaheri, Mjomba wangu. Hiyo ndiyo niliyokuwa nadaiwa pale mlangoni mwa studio.

Mpwa wako,
Zainabu